Kiingereza Alianza Chekechea

Hapa Plateau, Uasin Gishu, ukisema ulisomea uuguzi, watu wanakusogezea kiti. Ukisema uhandisi, wanataka kujua kama una mdogo wako ambaye hajaoa. Ukisema ulisomea Kiingereza, mtu anakutazama kuanzia viatu kwenda juu, anashusha sauti, na kuuliza kama kozi nyingine zilikuwa zimejaa.

Mimi ni mmoja wa hao wanaotazamwa viatu. Nina digrii ya sanaa katika Kiingereza na isimu, ya miaka 4, yenye muhuri na sahihi zote, na nauza dawa za mifugo. Hata duka lenyewe kisheria si langu. Leseni ni ya mke wangu, aliyesomea cheti cha afya ya mifugo na ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kushika sindano. Kazi yangu ni kupokea pesa, kufagia, na kusoma lebo. Usicheke. Lebo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe imeandikwa Kiingereza cha herufi ambazo hata kupe mwenyewe angehitaji miwani. Juzi mzee mmoja alivua kofia, akaweka chupa juu ya kaunta na kusema, "Soma yote." Nikasoma yote. Mililita 40 kwa lita 20 za maji. Usivute sigara ukichanganya. Usimwage mtoni. Nawa mikono. Akanirudisha kwenye kipimo mara mbili, akakihesabu kwa kifuniko cha chupa, akaridhika. Alipofika mlangoni akageuka: "Asante sana, Mwalimu. Na bado kazi hujapata?"

Jambo la kwanza, mimi si mwalimu. Sijawahi kushika chaki kwa mshahara. La pili, nilikuwa kazini wakati ule ule aliponiuliza.

Sasa balaa hili limeingia kwenye ukoo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amepata B+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Kiingereza akapata A-, na ametangaza kwamba anataka kusomea Kiingereza chuo kikuu. Dada akanipigia simu akiwa amekasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyemwambukiza. Kikao kikaitishwa Jumapili baada ya kanisa, na mimi nikaalikwa kwa cheo ambacho sikukielewa mpaka nilipofika: nilikuwa kielelezo.

Kwa haki ya mtoto, mfumo wenyewe haumpi nafasi ya kupumua. KUCCPS, ile bodi inayogawa wanafunzi vyuoni, inafungua tovuti yake, nawe unapanga kozi zako kwa mfuatano, kila kozi na hesabu yake ya masomo manne, pointi hadi 48, na ukikosea mpangilio umekwisha. Msichana aliyekuwa anakamua ng'ombe alfajiri anatakiwa ajue, kabla tovuti haijafungwa, atakuwa nani mpaka atakapostaafu. Mdogo wake ana hali mbaya zaidi. Aliingia Gredi ya 10 Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya, na huko wanachagua njia mapema zaidi: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Fasihi ya Kiingereza iko huko kwenye sayansi ya jamii, somo la hiari. Yule kijana bado hajajifunza kufua soksi, lakini njia ya maisha ameshachagua.

Shemeji alifungua kikao kwa sala fupi na hoja ndefu. Alisema, na lazima nikiri kwamba ilikuwa hoja nzito: "Huyu mtoto alianza Kiingereza chekechea. Hesabu amefundishwa kwa Kiingereza. Sayansi kwa Kiingereza. Hata CRE, Yesu mwenyewe ameongea naye kwa Kiingereza. Sasa ana miaka 18 na A-. Kwa nini nilipe miaka 4 mingine afundishwe kitu anachokijua?"

Nyanya akatikisa kichwa kukubali. Shangazi, ambaye ni muuguzi na kwa hiyo hukaa kwenye kochi lenye mito, akasema, "Hapo umesema."

Shemeji ana daftari. Humo gharama zote zimeandikwa kwa mitamba, si kwa shilingi, kwa sababu shilingi hupanda na kushuka lakini mtamba ni mtamba. Mwaka wa kwanza mmoja, wa pili mmoja, wa tatu aliweka alama ya kuuliza kwa sababu mtamba wa tatu bado yuko tumboni. Alitegemea serikali ingemsaidia, lakini mtindo wa ufadhili ulioanza 2023 unapanga familia kwa bendi kulingana na uwezo, na yeye, mwenye ng'ombe watatu ambao mmoja ana ugonjwa wa kiwele, anahofia atapelekwa bendi ambayo hata majirani watakuja kumpongeza. Huo mtindo wenyewe umeshaenda mahakamani na kurudi. Kiwele bado kinatibiwa, kwa mkopo, dukani kwangu.

Nikaulizwa nieleze njia za kazi. Nilieleza kwa utulivu, nikijua kila neno litatumika dhidi yangu. Nikasema kuna digrii mbili zinazofanana kwa jina na kutofautiana kwa chakula. Ukichukua ile ya elimu, unasomea Kiingereza na fasihi yake pamoja na ualimu, unaenda mazoezi ya kufundisha, na ukimaliza, TSC, ile tume ya walimu, inaweza kukusajili, mradi ulipata C+ ya jumla na C+ kwenye masomo utakayofundisha. Ukichukua ile ya sanaa, kama yangu, unajua Kiingereza kile kile, pengine na zaidi, lakini huruhusiwi kumfundisha mtu mpaka uongeze stashahada ya ualimu. Kwa hiyo mtu akitaka Kiingereza na ugali katika sahani moja, achukue ya elimu.

"Na huyo wa elimu analipwa ngapi?" akauliza Baba Mdogo, mdogo wake shemeji, ambaye hadi hapo alikuwa ameshughulika na viazi.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Nikasema wengi huanza kama walimu wa mkataba, wale wa sekondari ya msingi, shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Baba Mdogo akafunga macho akahesabu. Serikali ilipokuwa ikinunua mahindi shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90, hiyo ilikuwa gunia 5. "Kabla ya makato," akakumbusha kikao, kwa sauti ya mtu anayeangalia gunia la tano likitobolewa na panya. Nikaongeza kwamba hata hao walishaingia barabarani mwaka 2024 wakitaka waajiriwe moja kwa moja. Sijui kwa nini niliongeza. Kuna walimu hapa kwetu waliomaliza chuo zamani na bado wanasubiri TSC, na wakati wakisubiri wanafundisha kwa pesa ya bodi ya shule, yaani pesa ya wazazi, yaani pesa ya mahindi, ambayo huja Desemba kama mvua ilikuwa na adabu.

Sikumwambia mtu kuhusu insha. Mwalimu wa hesabu anasahihisha majibu. Jibu ni 7 au si 7. Mwalimu wa Kiingereza anapewa darasa la watoto 60 na kila mmoja anamwandikia jinsi alivyookolewa kutoka mtoni, kurasa mbili, mto ule ule, na kila mmoja anataka alama tofauti. Mtihani wenyewe wa Kiingereza wa KCSE una karatasi tatu na ya tatu ni ya insha tupu. Nimewaona rafiki zangu walimu wa Kiingereza likizoni. Wana macho ya watu waliozama.

Shangazi akaona nafasi yake. Alisema mtoto aende uuguzi, wauguzi wanatakiwa Ulaya, Uingereza wanawachukua kwa mapatano rasmi, ataleta pauni nyumbani. Hapa Uasin Gishu ukisema "ng'ambo" kikaoni, kila mzazi anashika mfuko wake. Tuliona mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Kanada ulivyofika mahakamani 2023, watu wakiwa wameshauza ng'ombe. Lakini Shangazi alikuwa na jibu: hayo ni mengine, haya ni ya serikali mbili.

Mpwa wangu, ambaye alikuwa amekaa kimya karibu na mlango wa jikoni, akaomba kusema. Alisema ni kweli, mapatano ya Kenya na Uingereza yalifanywa Julai 2021. Na miezi michache baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa kwenda huko, waliofaulu walikuwa 10.

"Mtihani wa nini?" akauliza shemeji.

"Wa Kiingereza, Baba."

Nilimpenda mtoto huyu sana dakika ile. Hawa ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea, sawa sawa na hoja ya baba yake, wakaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza, wakahojiwa kazi kwa Kiingereza, kisha Mwingereza akawaambia walipe pesa nyingi wakae chini wathibitishe. Na 290 wakarudishwa. Nikaegemea kiti changu nikingoja kikao kione nuru.

Nyanya ndiye aliyevunja kimya. "Hao 290," akauliza, "walifundishwa Kiingereza na nani?"

Wote wakanigeukia mimi.

Zamu ya Baba Mdogo ikafika, naye akaleta hoja ambayo huletwa katika kila kikao cha ukoo kuanzia hapa mpaka Iten: mtoto akimbie. Tuko jirani na Kaptagat, Kipchoge anafanyia mazoezi hapo, asubuhi barabara zetu hujaa vijana wanaopita kwa kasi ambayo mbwa wameacha kuibishia. Akamtaja Henry Rono, aliyekwenda Washington State na mwaka 1978 akavunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Ni kweli yote. Tatizo ni kwamba mpwa wangu hakimbii. Mara ya mwisho kuonekana akikimbia alikuwa akimfuata ndama, na ndama alishinda.

Wala sikutaka kumwambia Baba Mdogo kwamba wakimbiaji wenyewe ni wateja wangu. Wanakuja jioni na simu zao. "Mwalimu, hebu nisaidie, huyu wakala ameandika nini hapa?" Nasoma. Namweleza asilimia ngapi inakwenda kwa nani, na kwamba lile neno dogo lenye nyota lina maana atalipa tiketi yake mwenyewe akijiondoa. Tunajaza fomu ya viza, kurasa kwa kurasa, tunabishana kama jina la babu ndilo jina la ukoo. Wengine wanataka vyuo vya Marekani, na huko miguu pekee haitoshi, mara nyingi lazima wafanye mtihani wa Kiingereza na waandike insha ya kujieleza. Tunaandika. Yeye anajieleza, mimi naandika. Malipo yangu huwa "Mungu akubariki sana, Mwalimu," na mara moja, soksi.

Kwa kuwa niliona tunashindwa, nilijaribu kuipa taaluma heshima ya historia. Nikawaambia kwamba Kiingereza chuoni si jambo la sarufi tu, kimepiganiwa. Nikawaeleza kwamba Oktoba 1968 wasomi watatu pale Nairobi, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo ivunjwe.

Shemeji akakaa wima. Tangu saa saba hakuwa amesikia neno tamu kama hilo. "Ivunjwe? Nani alisema? Hebu rudia."

Nikajitahidi kueleza kwamba hawakusema watu wasisome, walitaka fasihi ya Afrika iwe katikati na Uingereza isogee pembeni, na kwamba idara ilikuja kuwa ya Fasihi. Hakunisikia. Aliniuliza huyo Ngũgĩ mwenyewe alisomea nini. Nikasema alisomea Kiingereza, Makerere. Na baadaye? Baadaye akaamua kuandika riwaya zake kwa Kikuyu. Ya kwanza aliiandika akiwa kizuizini, baada ya kukamatwa mwisho wa 1977, kwenye karatasi za chooni.

"Angalau karatasi zilikuwa za bure," akasema Nyanya.

"Kwa hiyo," akasema shemeji, akiandika kwenye daftari la mitamba, "aliyekisoma mpaka mwisho alikiacha."

"Lakini shemeji, sikiliza. Baada ya kukiacha, Chuo Kikuu cha California, pale Irvine, kilimwajiri kuwa profesa. Wa Kiingereza na fasihi linganishi."

Akafikiri. "Basi pesa iko kwenye kukiacha. Huyu akiache sasa, tuokoe miaka 4."

Shangazi naye akapigilia msumari: ile riwaya iliyosomwa na nusu ya wanafunzi wa Kenya, The River and the Source, mwandishi wake Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Ukitaka kuandika vitabu, tibu watu kwanza. Sikuwa na jibu. Nilitaka kumtaja Philip Ochieng, aliyefariki 2021, ambaye kwa miaka mingi aliwasahihishia Wakenya Kiingereza chao gazetini na akala kwa kalamu hiyo. Lakini nafasi hiyo ilikuwa moja nchi nzima, na ilikuwa yake. Vyumba vya habari siku hizi vinapunguza watu, haviongezi. Eldoret yetu ilitangazwa kuwa jiji Agosti 2024, na sijaona bado tangazo la kutafuta mhariri.

Kuna njia moja ya kazi ambayo hakuna aliyeitaja, ingawa nyumba yake inaonekana kutoka dirishani mwa shemeji. Ile yenye mabati ya rangi ya damu ya mzee. Mwenye nyumba ni kijana jirani, Kiingereza chake kizuri ajabu, na mabati yale yalitokana na insha. Alikuwa akiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo, usiku kucha, kwa sababu wakati huo Marekani ni mchana. Vijana wengi wa Kenya walikula kwa kazi hii, imetengenezewa hata filamu, The Shadow Scholars, ya 2024, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, anawatembelea. Huyu jirani yangu hajaingia wodini ila kuzaliwa, lakini ameandika kuhusu nadharia za uuguzi mpaka nadhani kuna wauguzi Ohio wanaofanya kazi kwa maarifa ya Plateau. Hilo sikulisema mbele ya Shangazi. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na wale wanafunzi wavivu wakapata mtu wa kuwaandikia bure asiyelala kabisa. Sasa jirani anafuga kuku wa mayai. Ananunua chakula cha vifaranga kwangu, na ndiye mteja pekee anayesoma lebo mwenyewe, tena ananionyesha makosa ya sarufi yaliyomo.

Lakini la moyoni mwangu ni lingine, na kikao hakikunipa nafasi ya kulisema, kwa hiyo nalisema hapa.

Kila mtu aliyekuwa sebuleni pale amewahi kuniajiri. Shemeji, barua ya kuomba basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, nimeiandika mimi, kila mwaka, kila mwaka na sababu mpya ya umaskini. Shangazi, barua ya kuomba uhamisho, kurasa mbili, yenye maneno "humbly" na "kindly" mpaka yakaanza kugongana. Baba Mdogo, mkataba wa kununua kipande cha shamba, ambao wakili aliuandika kwa Kiingereza na mimi nikausoma kwa sauti chini ya mti, huku muuzaji na mnunuzi wote wawili wakinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayekula ardhi yao. Nyanya, ujumbe wa simu kuhusu mbolea ya ruzuku. Hakuna hata mmoja aliyelipa. Hawa ndio wanaosema Kiingereza hakina kazi.

Na mazishi! Mazishi ndiyo kiwanda chenyewe. Mtu akifariki hapa, kabla hata jeneza halijachaguliwa, ninaona watu wawili wakija dukani wakiwa wamevua kofia, na najua. Lazima wasifu wa marehemu uandikwe kwa Kiingereza, uchapishwe mjini kwenye karatasi inayong'aa, na picha. Marehemu mwenyewe hakuzungumza Kiingereza siku moja. Alinunua, akauza, akaoa, akagombana na kusameheana kwa Kikalenjin, na sokoni kwa Kiswahili. Haidhuru. Usiku ule tunakaa mezani, mimi na kalamu, wao na kumbukumbu, wananisimulia kwa Kikalenjin, nami naandika kwa Kiingereza kwamba alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu na mkulima mwenye maono. Aliyekuwa mlevi tunasema alipenda kukaa na marika yake. Aliyefukuzwa kazi tunasema alistaafu mapema ili ashughulikie mifugo. Kisha inakuja saa ngumu, ya kupanga wake na watoto: nani anatajwa kwanza, nani ni "wa marehemu kaka yake," na yule wa Kitale anaingia au haingii. Saa tisa za usiku nimekuwa wakili, padri na mpatanishi.

Siku ya mazishi, wasifu ule unasomwa makaburini kwa Kiingereza na mjukuu anayetetemeka, na pembeni yake amesimama mshereheshaji akiurudisha sentensi kwa sentensi kwenye Kikalenjin kile kile ulikotoka. Hapo katikati ndipo nilipokaa mimi usiku kucha. Malipo yangu huwa chai tu.

Basi kikao kiliisha bila uamuzi, ila kwamba mtoto aombe Mungu na awasikilize wazazi. Mpwa wangu aliomba Mungu, nadhani, kisha akaenda saiba mjini na kujaza fomu. La kwanza aliweka elimu, Kiingereza na fasihi, Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, kilichoanzishwa 1984 na ambacho shemeji anaweza kukifikia bila kuuza mtamba wa ziada wa nauli. La pili elimu hiyo hiyo, chuo kingine. Chini kabisa, kwa kumheshimu Shangazi, akaweka uuguzi. Alipomaliza alinitumia ujumbe: "Mjomba, nimepanga." Hakuniuliza maoni, na sijui kama ningekuwa nayo. Nilipokuwa na umri wake nilisoma riwaya kwa sababu zilinitoa shambani. Yeye ameisoma An Artist of the Floating World ya Ishiguro, ambayo ilikuwa miongoni mwa vitabu vyao vya mtihani, na anaweza kukueleza, huku akikamua, ni kwa nini yule mchoraji mzee wa Japani anajidanganya. Mtu wa namna hiyo utampeleka wapi?

Siku chache baadaye mkwe wa Baba Mdogo akafariki, mzee mkubwa, wake watatu. Mimi nilikuwa mjini kuchukua dawa, kwa hiyo wajumbe, Baba Mdogo akiwa mmoja wao, walimkuta mpwa wangu, aliyekuwa akilinda duka. Wakaeleza shida. Akawasikiliza kwa adabu, akawapa pole, akatoa kalamu. Kisha akasema ni shilingi 500 kwa ukurasa, nusu itangulie, kwa M-Pesa.

Nasikia kulikuwa na kimya kirefu sana. Baba Mdogo akauliza kama anajua anaongea na nani. Akasema, "Ndiyo, Baba Mdogo, ndiyo maana nimepunguza." Baba Mdogo akaomba basi aandikiwe ukurasa mmoja tu. Binti akamweleza kwamba kuna wake watatu na kila nyumba inataka aya yake, na kama anataka ukurasa mmoja achague mwenyewe ni nyumba gani itatolewa, yeye ataandika. Baba Mdogo akatuma 1,000 yote ya kurasa mbili, papo hapo.

Saa nne za usiku akanipigia simu. Hakutaja pesa. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye bei ya dawa ya minyoo, akasema wasifu umetoka vizuri, hata mjane wa pili amelia. Halafu akashusha sauti. Alitaka kujua kama yule jirani wa kuku bado huwa anaandika, na siku hizi anatoza ngapi.